Safari ya Uholanzi Tuliyoipangia Nsemulwa

Tulipomaliza matanga ya Mama Yustina, binti yake aliniita chumbani tukunje nguo za marehemu. Chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge alivyovitunza kwa ajili ya sikukuu, Yustina akakuta ramani kubwa ya karatasi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Akaitandaza kitandani. "Mama mdogo, hii nchi gani hii?" Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, na wanawake waliokuwa wanasugua masufuria uani wakanyamaza kunisikiliza. Najua walinisema na walikuwa na haki. "Ni Uholanzi," nikamwambia. "Mama yako aliijua kuliko alivyoijua Tabora." Nikamwonyesha mstari wa kalamu nyekundu unaoanzia Arnhem, mji ulio bara, mbali na bahari, na kuishia Domburg, kijiji kilichokaa pwani. Mstari wenyewe haunyooki. Unafuatana na mto, unapinda kila mto unapopinda, na kuna mahali unarudi nyuma kabisa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tuliuchora watu watatu kwenye meza ya kulia chakula, mtaa wa Nsemulwa, hapa hapa Mpanda, mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini. Nimekaa katika madarasa mengi baada ya hapo, lakini nikiulizwa nilisoma wapi, huwa natamani kuitaja meza ile.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, vyumba vitatu na sebule, na haikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka usawa fulani zikakoma, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yaliruka ukuta yakaingia kingine, na ukitaka kusema siri ulikwenda shambani. Mpangaji mkuu alikuwa Marike, Mholanzi wa Arnhem, mrefu, mwenye kutembea kwa haraka hata anapokwenda chooni. Alikuja kusimamia mradi mdogo wa asali uliokuwa unanunua kwa warinaji wa Inyonga na vijiji vya msituni. Hakuwa mtawa, lakini mtaa mzima ulimwita Sista, maana mzungu mwanamke asiye na mume angekuwa nani mwingine? Alichoka kukanusha, akaanza kuitikia. Mimi nilikuwa mpiga taipu wa mradi huo, msichana wa Mpimbwe ambaye hata miaka ishirini sijafika, nimepewa chumba cha nyuma na najiona nimeshamaliza maisha. Nilipaka mafuta ya nywele ya kunukia, nilikunja midomo watu wakikosea kusoma, na nilisema "kwa kweli" mwanzoni mwa kila sentensi. Nikimkumbuka msichana yule leo, ninampenda, lakini nisingependa kukaa naye nyumba moja.

Chumba cha tatu kilikuwa cha cherehani, na humo ndimo alimokaa Mama Yustina alipokuwa mjini. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mrundi, mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, fundi aliyewashonea warinaji wetu mavazi ya kazi: ovaroli nyeupe, glavu ndefu, kofia zenye wavu wa kuzuia nyuki usoni. Siku zile mkimbizi hakutoka makazini bila kibali chenye tarehe ya kurudi, na pale njia panda kulikuwa na geti, yaani mti mmoja mrefu uliolala juu ya nguzo mbili, unaoinuliwa na kushushwa. Kwa hiyo Mama Yustina alikuja na kwenda. Aliingia na kikapu cha maharage na chupa ya mawese, nyumba ikajaa kelele za cherehani na nyimbo za kwaya, halafu siku ikafika akaondoka, na nyumba ikabaki ya watu wawili wasiojua kupika.

Nakumbuka mchana mmoja tulikuwa mezani. Nilikuwa nimeletewa mchele wa kwetu Mpimbwe, na Mama Yustina alikuwa amepika wali na migebuka kutoka ziwani, kwa mawese na nyanya, chakula ambacho ukikila hutaki mtu akusemeshe. Katikati ya kula akatazama kivuli cha mlango pale sakafuni, akaweka tonge chini, akainuka kunawa.

"Kibali kinaisha leo," akasema.

"Si umalizie samaki, Mama Yustina?" nikamwambia. "Umebakiza nusu."

"Mmalizieni nyie. Askari wa getini hamjui huyu samaki."

Akacheka, akafunga kikapu, akaenda kutafuta lori la kumrudisha. Marike akabaki anatazama sahani ile. Mimi, kwa kweli, nilimla yule samaki.

Sasa, safari ilianzaje. Mwanzo wa masika Marike alishikwa na malaria mbaya. Reli ilikuwa imekatwa na maji, barabara ya Tabora haipitiki, na pale hospitali walimpa dawa wakamwambia alale anywe maji. Mama Yustina akakaa kitandani pake kuanzia homa ilipopanda hadi iliposhuka. Alimwogesha kama mtoto, alimkorogea uji wa ulezi wenye asali, na Marike alipokuwa anaweweseka kwa Kiholanzi, Mama Yustina alimjibu kwa Kirundi, na nilivyowasikia kupitia juu ya ukuta walikuwa wanaelewana vizuri sana. Alipopata nafuu, bado amekonda na macho yameingia ndani, Marike alisema neno ambalo mimi nililichukulia kuwa ni la homa. Alisema likizo yake ijayo, mwezi wa nne mwakani, miti ya matunda ikitoa maua kwao, ataondoka na Mama Yustina. Mradi utamwalika kama fundi. Atampeleka kwao Arnhem, halafu watachukua gari la dada yake waende nalo hadi baharini.

"Bahari gani?" Mama Yustina akauliza.

"Ya kwetu. Ina baridi na rangi ya kijivu. Lakini njia ya kuifikia ni nzuri sana."

Ramani ikaja kwa posta, imetumwa na huyo dada. Tuliitandaza mezani baada ya chakula, tukaweka kikombe cha chai kila pembe isijikunje, na kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Marike akaonyesha kwa kidole barabara kubwa, nyekundu na nene, inayokata nchi moja kwa moja. Kwa hii, akasema, unatoka Arnhem baada ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana unakula pwani. Halafu akaonyesha kijistari chembamba cha kijani kando ya mto. "Sisi tutapita hii. Itatuchukua siku kadhaa."

"Kwa nini?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. "Kwani ile kubwa ina tope?"

"Haina tope. Hii inapendeza."

Nilimwangalia nione kama homa imerudi. Kwetu watu walisafiri kwenda msibani, hospitali, mnadani au kuoa, na njia uliyoisifu ni ile iliyokufikisha bila kulala porini. Kuchagua njia ndefu ukiwa na fupi, eti kwa ajili ya macho, nilikuwa sijapata kusikia. Nikageuka kwa Mama Yustina nikitegemea tucheke pamoja. Lakini yeye alikuwa ameinama juu ya kile kijistari, uso umemwangaza, akakifuata kwa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Ni sawa," akasema. "Tutapita hii. Mimi nililetwa hapa ndani ya lori, tumefunikwa turubai kwa ajili ya mvua, kutoka Kigoma hadi msituni. Nilikuwa binti kama huyu Leokadia. Walipofunua turubai, tulikuwa tumeshafika. Sijui nilipita wapi. Mpaka leo kuna njia ndefu niliyoipita na sijawahi kuiona."

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayekueleza kwa nini hali chumvi.

Basi tukapanga. Sitaki kumchosha msomaji kwa majina, lakini Rhenen lazima niitaje, kwa sababu ndiko walikokuwa walale kwanza: mji mdogo kilimani, mnara wa kanisa unaonekana kutoka mbali, na chini yake mto mpana. Kutoka hapo barabara inapanda juu ya tuta. Marike alihangaika sana kutueleza hilo tuta. Nchi yao iko chini, alisema, mto uko juu, na watu wamejenga ukuta wa udongo kando yote ya mto ili maji yasiwamwagikie, na barabara inapita juu ya ukuta huo, kwa hiyo ukiwa ndani ya gari upande huu unaona meli zinapita na upande ule unaona mapaa ya nyumba na ng'ombe chini yako. Hapo ndipo na mimi nilipopata la kusema. "Ni jaruba!" nikapiga kelele. Mpimbwe tunalima mpunga kwenye majaruba, vitalu vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji, na tangu utotoni nimetembea juu ya matuta hayo na mzigo kichwani. "Mmefanya jaruba la nchi nzima, ila nyie mmekaa ndani na maji mmeyaacha nje." Marike akafikiri, akasema hajawahi kusikia nchi yake ikielezwa vizuri hivyo. Nilivimba kichwa juma zima.

Na nilianza kuipenda ile nchi, nikiri hapa. Nilipenda kwamba watu wamekataa kuzama na wanaendelea kukataa kila siku, kwa majembe na pampu. Nilipenda vile vinu vya upepo vya Kinderdijk, vimesimama mstari mmoja kando ya maji, kazi yake kuyachota maji na kuyatupa nje. Nilimpenda Marike alivyokuwa akieleza, anainuka kwenye kiti, anageuza mikono kuwa kinu, mtu ambaye ofisini alikuwa mkavu kama muhogo wa kuanika. Lakini zaidi nilimtazama Mama Yustina akipanga. Alipanga kama fundi anavyokata kitambaa, bila kuacha pembe. Aliuliza kila mahali watalala kwa nani, na Marike aliposema hotelini, akakataa: haiwezekani kupita kwa watu safari nzima bila kufikia nyumba hata moja. Marike akakuna kichwa, akakumbuka rafiki wa shule anayekaa Schoonhoven na mjomba aliyeko karibu na Kinderdijk. Akauliza watapelekewa nini. Ikaamuliwa asali ya Inyonga, chupa moja kila nyumba. Akauliza baridi ni ya namna gani, akajishonea koti zito la kaki, na kwa vile kitambaa kilibaki, akamshonea na Marike.

Halafu ikaja jioni ya penseli. Marike alikuwa anahesabu usiku wa kulala njiani, akaona Mama Yustina ameshatangulia kuweka alama. Pembeni ya kila mji kwenye mstari wetu, alikuwa amechora kijisanduku kidogo kwa penseli.

"Hivi ni nini?" Marike akauliza.

"Ofisi."

"Ofisi za nini?"

"Za kuripoti. Arnhem watatupa kibali cha kufika Rhenen. Tukifika Rhenen, inabidi asubuhi tumsubiri mkuu wa pale aje kazini atuandikie cha kuendelea, na anaweza kuwa amesafiri. Kwa hiyo wewe unasema siku moja, mimi nasema mbili. Nimekuwekea mbili kila mahali, tusije tukachelewa halafu dada yako akafikiri tumeiba gari."

Marike akacheka, akidhani ni utani. Mama Yustina naye akatabasamu kwa adabu, penseli bado mkononi, akisubiri aelezwe kinachochekesha. Kicheko cha Marike kikafa. Nilijua habari za kibali, nilimwona mwanamke huyu akiacha nusu ya samaki sahanini, lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu akikaa hivyo kwa miaka, hata anapoota, ndoto yake ina geti.

"Hakuna ofisi, Mama Yustina," Marike akasema polepole. "Unapita tu."

"Hata mgeni?"

"Ukishaingia nchini, hata mgeni."

"Na mti wa barabarani?"

"Hakuna mti."

Halafu akaninyooshea mkono. "Leokadia, nipe kifutio." Akavifuta vile vijisanduku kimoja kimoja, kuanzia Arnhem kuelekea pwani, bila haraka, akipuliza vumbi la kifutio kila alipomaliza kimoja. Mimi na Marike tulimtazama hadi cha mwisho. Nilikuwa nimesoma kuliko yeye, lakini jioni ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa kwamba nilikuwa na kitu nilichozaliwa nacho bila kukitolea jasho, na kwamba nilikuwa nakitumia kwendea sokoni tu.

Siku nyingine, Jumapili ya mvua, nilikuwa nimejilaza chumbani nikawasikia wanaongea sebuleni. Marike alikuwa anamuuliza kama kweli anataka kufika baharini, maana baridi ya kule upepo unaingia mifupani, na kama ni maua na mto, wangeweza kuishia njiani. Cherehani ikanyamaza.

"Oya," Mama Yustina akakataa kwa Kirundi chake. "Mimi sitafuti maji. Maji nimeyaona. Nataka kupita barabara mpaka pale inapoishia yenyewe. Unanielewa? Iishe kwa sababu maji yameanza, si kwa sababu kuna mtu ameweka mti. Nikisimama hapo, nitageuka nirudi kwa hiari yangu. Hicho tu."

Cherehani ikaanza tena. Nikabaki natazama bati, mvua inapiga, na nikajikuta nasali, mimi niliyekuwa nikienda kanisani kuonyesha viatu, kwamba mama huyu apate karatasi ya kusafiria.

Hakupata. Maombi yalipelekwa mapema, mradi uliandika, mimi mwenyewe nilipiga taipu kwa uangalifu ambao sijaurudia tena maishani. Ikawa kusubiri, kisha jibu kwamba isubiriwe, kisha mwezi wa nne ukawa mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Kila niliyemuuliza alikuwa mpole na alinipa kiti. Siku Marike alipoleta habari kwamba haitawezekana, Mama Yustina alikuwa jikoni anasonga ugali. Akaendelea kusonga, akaupakua, akanawa, tukala. Nilitegemea alie, au aende akajifungie na cherehani yake. Alipomaliza kula alifuta meza, akatandaza ramani, akaweka vikombe pembeni.

"Bado hatujamaliza kipande cha mwisho," akasema. "Baada ya daraja lile refu, mnapita kushoto au kulia?"

"Mama Yustina," Marike akaanza kusema.

"Utakwenda wewe. Utapita njia yote kama tulivyopanga, utalala tulipopanga, utapeleka asali. Ukirudi utakaa kwenye kiti hicho, tutakupa maji ya kunywa, na utatutolea habari za safari tangu mwanzo. Basi. Kushoto au kulia?"

Kulia, ilikuwa. Nimewaona watu wakubwa wakipokea makubwa, nimewaona wakishinda na wakishindwa, lakini sijaona tena mtu akikaa wima kwenye kiti namna ile.

Marike alirudi mwezi wa tano, amenawiri, na makopo ya biskuti. Mama Yustina alikuwa ameomba kibali makusudi ili awepo. Tukampokea kama inavyotakiwa: kiti, maji, pole na safari, kimya cha kumwacha apumue. Halafu Mama Yustina, aliyevaa lile koti la kaki ingawa jua lilikuwa linawaka, akasema, "Haya. Ulitoka Arnhem saa ngapi?"

Marike akaanza. Alieleza maua, alieleza gari la dada yake, alieleza pwani ya Domburg na upepo. Maneno yake yalikuwa yanakwenda mbio na hayashiki kitu. Mama Yustina akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na Rhenen? Ule mnara uliuona ukiwa upande gani wa mto?"

Marike akatazama mikono yake. Kumbe siku ile mvua ilinyesha, alisema. Alikuwa peke yake. Njia ile ndefu, bila mtu wa kuionyesha, ikamtia uchungu. Alipofika njia panda akaingia barabara kubwa. Ile nyekundu na nene. Alifika pwani mchana.

Sijawahi kumwona Mama Yustina amekasirika kabla ya hapo wala baada ya hapo. Alisimama. Alikuwa mfupi, lakini nyumba ilimwona.

"Ulikuwa na njia yote," akasema. "Hakuna geti, hakuna askari, hakuna karatasi. Njia yote wazi, na wewe ukaikata!"

"Nilikuwa peke yangu, Mama Yustina."

"Hukuwa peke yako! Mimi nilikuwa Katumba nakufuata. Siku ya Rhenen nilikuwa Rhenen. Nilivaa koti hili nikakaa nje, majirani wakafikiri naumwa. Siku ya vinu nilikuwa kwenye vinu. Kumbe nilikuwa huko peke yangu!"

Marike akalia, na lile libinti la mafuta ya kunukia, yaani mimi, nalo likalia bila kuulizwa. Mama Yustina akaenda jikoni. Tukasikia anapanga kuni, anapuliza moto, anachambua maharage kwa nguvu kuliko maharage yalivyostahili. Alirudi na sahani, akaiweka mbele ya Marike. "Kula," akasema. "Halafu utanieleza maua tena, polepole. Hayo angalau uliyaona." Nikaelewa kwamba amemsamehe, na kwamba msamaha wake haukufuta alichokisema. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili.

Mkataba wa Marike uliisha mwisho wa mwaka ule. Aliacha cherehani, sufuria, na ramani. Baada ya miezi, kadi za picha zikaanza kufika kupitia sanduku la posta la mradi: mnara wa Rhenen, kivuko cha Schoonhoven, vinu vya Kinderdijk. Nyuma ya kila moja alikuwa ameandika maneno mawili tu, "Nimepita polepole." Mama Yustina alizipanga ukutani kwa mfuatano wa safari, na alipofika ya Domburg akasema sasa mtoto amefika.

Miaka ikapita. Mimi nikaolewa Magamba, nikasoma zaidi, nikajifunza kuendesha gari katika umri ambao wenzangu walikuwa wanajifunza kukaa barazani. Kisha ikaja ile miaka ambayo Warundi wa makazi walipewa uraia, na siku moja Mama Yustina, kichwa kimejaa mvi, akanipigia simu. Nilidhani atataka kwenda Dar es Salaam kuona bahari. Nikamwambia nitampeleka, nimkutanishe na mawimbi.

"Mbali huko, nitalala njiani nisione kitu," akasema. "Nipeleke Karema. Barabara ya Karema si inaishia ziwani?"

Tulitoka Katumba asubuhi, yeye mbele pembeni yangu, koti la kaki limepauka lakini lipo, ramani ya Uholanzi magotini. Pale palipokuwa na geti akaniomba nisimame. Mti haukuwepo tena. Ilibaki nguzo moja, imeliwa na mchwa, na mtu amefunga mbuzi wake hapo. Akamtazama yule mbuzi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Twende, dereva." Tulikwenda polepole kiasi kwamba pikipiki zinazokwenda kupakia dagaa zilitupita zikitupigia honi. Kila penye mteremko mzuri au kijito alisema simama. Kijiji cha Kasekese kikawa Rhenen yetu. Tulifikia kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba naye kwaya, tukampa chupa ya asali, tukala viazi vyake. Aliuliza jina la kila mlima, na nisioujua nilimtungia, akajua kwamba natunga, akaendelea kuuliza. Nilipotaka kukata kona kwa njia ya mkato aliyonielekeza mwenye duka, akapiga ramani kwa kiganja. "Umeanza umarike!"

Jua lilikuwa bado juu tulipoteremka milima na ziwa likatokea lote kwa pamoja. Barabara ikapita karibu na kanisa la zamani, ikapita katikati ya nyumba, ikawa mchanga, ikapita kati ya chanja za dagaa na wanawake wanaowageuza, halafu ikawa si barabara tena. Nikazima gari. Mama Yustina akashuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akavua kandambili akazishika. Akatembea katikati kabisa ya ule mchanga uliobaki na alama za magurudumu, mpaka alama zikaisha, mpaka maji yakamfika vifundoni. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayehakikisha.

"Leokadia, mwanangu."

"Abee, mama."

"Imeishia yenyewe."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, yote niliyoyabeba tangu ile meza ya Nsemulwa, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutazama, kwamba nampenda. Nikayasema, palepale, mbele ya wanawake wa dagaa, na sikujali. Alinisikiliza yote bila kugeuka. Kisha akageuka, kwa hiari yake, maji yakimchuruzika miguuni, akaja hadi kwenye gari, akafungua mlango, akaitandaza tena ramani magotini.

"Haya, geuza," akasema. "Na kurudi, tupite njia ndefu."